Fao la upotevu wa ajira: ni bima au ni akiba yetu iliyozuiwa?

Fundi wa Msamvu ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaleta hoja hii kwa sababu inanigusa mimi leo, na kesho inaweza kumgusa yeyote ambaye mshahara wake unakatwa kila mwezi. Kiwanda nilichokuwa nikikitumikia hapa Morogoro kimefunga sehemu moja ya uzalishaji, na sisi tuliokuwa sehemu hiyo tumepewa barua za kupunguzwa kazi. Mimi ni fundi umeme mwenye cheti cha VETA, nimefanya kazi hapo miaka minane mfululizo, na mshahara wangu ulikuwa shilingi 600,000 kwa mwezi.

Nilipokwenda NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, nilipokelewa vizuri na nikaelezwa kwa uwazi kwamba, kwa kuwa nimechangia zaidi ya miezi 18, sijafikisha miaka 55, ni raia, na sikuacha kazi kwa hiari yangu, ninastahili fao la upotevu wa ajira, yaani asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda wa miezi sita. Nikarudi nyumbani na kupiga hesabu. Kila mwezi nilikatwa 60,000 na mwajiri akaongeza 60,000 nyingine. Tukichukulia kwamba mshahara haukubadilika, kwa miezi 96 hiyo ni 11,520,000. Ninachopewa ni takriban 199,800 kwa mwezi, ambayo kwa miezi yote sita haifikii 1,200,000.

Ninaomba wenye uelewa wanieleze kusudi la fao hili ni nini hasa, na haki yake inapimwa kwa kipimo gani. Kama ni bima, mbona kwenye hati yangu ya mshahara sijawahi kuona mchango wake wa pekee? Kama ni akiba yangu, kwa nini nisipewe yote nikafungua karakana ya kusuka mota, kazi ninayoiweza na ambayo wateja wake ninawafahamu kwa majina? Halafu kuna mwenzetu aliyeandika barua ya kuacha kazi wiki chache kabla ya sisi kupunguzwa, baada ya kuchoka na zamu za usiku zisizokwisha. Amechangia miaka mingi kuliko mimi, lakini kwenye fao hili hana chochote.

---

Mzee wa Utumishi amejibu:

Kijana wangu, pole sana. Nilikuwa afisa utumishi katika sekta binafsi hadi nilipostaafu, na barua za namna hiyo nimeziandika nyingi kuliko nilivyotamani, kwa hiyo nitakueleza ninavyoliona jambo hili kutokana na niliyoyashuhudia.

Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, mtu aliyeachishwa kazi alichukua fao la kujitoa, maana yake alikwenda na michango yote na uanachama wake ukaanza upya siku atakapopata kazi nyingine. Watu walilipenda, na sababu zake ninazifahamu. Lakini nimekaa mezani na wafanyakazi wa miaka 58 na 59 waliokuwa wamejitoa mara tatu au nne katika maisha yao ya kazi, na kila mara walianza kuhesabu kutoka sifuri. Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi isiyopungua 180, na mtu wa namna hiyo, ingawa amefanya kazi tangu ujana wake, alikuta ana miezi 50 au 60 tu kwenye kumbukumbu. Wewe sasa una miezi 96. Ukiiacha ilipo, umebakiwa na miezi 84 kufikia pensheni ambayo utalipwa kila mwezi hadi mwisho wa uhai wako. Ukiichukua, karakana ikienda vibaya huna ajira na huna uzee.

Kuhusu swali lako la bima, nadhani linaloleta uchungu ni kule kuona 11,520,000 kwenye taarifa ya michango na 1,198,800 kwenye malipo, kana kwamba mtu amekunyang'anya tofauti. Fao hili halikukusudiwa kuwa marejesho. Sisi sote tunavijua vikundi vya kufa na kuzikana: unatoa kila mwezi, na mwaka ukipita bila msiba nyumbani kwako hukidai kikundi kikurudishie, kwa sababu ulichokuwa ukilipia ni uhakika kwamba siku ikifika hutahangaika peke yako. Mtazame kijana mwenye mshahara kama wako aliyechangia miezi 18 tu kisha akapunguzwa. Sehemu aliyokatwa yeye mwenyewe ni 1,080,000, na fao la miezi sita litamlipa 1,198,800. Amepata zaidi ya alichokatwa, na ziada hiyo imetoka kwenye mfuko wa pamoja, unaojazwa na waajiri na wachangiaji wengine ambao bado wako kazini, wewe ukiwa mmoja wao kwa miaka minane iliyopita. Hilo kwangu ni jambo jema.

Niseme pia nisipokubaliana. Theluthi ya mshahara ni ndogo mno. Mtu hawezi kutafuta kazi kwa utulivu wakati theluthi hiyo inaishia kwenye pango na ada ya shule kabla hajanunua unga.

Mwisho, usisahau kwamba madai yako hayaishii NSSF. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi ukomo wa miaka kumi. Kwako ni siku 56, na kwa mshahara wa 600,000 kwa wiki ya siku sita za kazi inafika kama 1,292,000. Weka na malipo ya notisi ya siku 28 kama hukupewa nafasi ya kuitumikia, pamoja na likizo uliyokuwa hujaichukua. Dai vyote kwa maandishi.

---

Binti wa Nyankumbu amejibu:

Shikamoo mzee, na pole sana kaka wa Msamvu.

Mzee ameeleza vizuri, lakini maelezo yake yanamfaa zaidi mtu aliyekaa kiwanda kimoja miaka minane. Huku kwetu Geita vijana wengi wanaajiriwa na makampuni yanayopewa zabuni na migodi, kwa mikataba ya mwaka mmoja au miwili. Mkataba ukiisha unakaa nyumbani, unapata mwingine, nao unaisha. Kwa mwendo huo miezi 180 inafika lini? Mtu anayeambiwa aache fedha zake kwa ajili ya pensheni ambayo kwa hesabu za kawaida hataifikia ana haki ya kuuliza ni nani atakayefaidika na uvumilivu wake. Ndiyo maana mwaka 2012, sheria ilipojaribu kuliondoa fao la kujitoa kwa mara ya kwanza, malalamiko makubwa yalitoka migodini, na Serikali ikalazimika kurudi nyuma. Baada ya 2018 nako kanuni zimeona haja ya kuwatofautisha wenye taaluma na wasio nayo. Kwa maoni yangu huko ni kukiri kwamba kanuni moja haiwezi kuwatosha wote.

Jambo linaloniumiza zaidi ni la walioacha kazi wenyewe. Ninaelewa kwa nini bima yoyote inaogopa kumlipa mtu kwa tukio alilolisababisha mwenyewe, kwa sababu wengine wangeacha kazi makusudi. Lakini barua ya kuacha kazi haisemi ukweli wote. Nimefanya kazi jikoni kwenye kambi ya wafanyakazi, na nilimwona dada mmoja akiandika barua yake juu ya gunia la mchele, akilia, baada ya msimamizi wake kumbadilishia zamu kila alipokataa kumfuata chumbani. Kwenye barua aliandika "sababu za kifamilia", kwa sababu alimwogopa msimamizi huyo na alihitaji barua ya utambulisho ya kupelekea kazi nyingine. Kwenye karatasi yule dada ameacha kazi kwa hiari.

Sheria yetu inatambua kwamba mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira yasivumilike anahesabiwa kuwa ameachishwa. Hilo ni zuri, ila kulithibitisha kunahitaji shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ushahidi, nauli za kwenda na kurudi, na miezi ya kusubiri, wakati fao limewekwa kwa ajili ya miezi ile ile ambayo yeye atakuwa anasubiri uamuzi.

---

Msomaji wa Sera amejibu:

Nawashukuru wote watatu. Ninataka kuongeza mifano ya nchi nyingine, kwa sababu maswali haya yana zaidi ya miaka mia moja na majibu yake hayafanani.

Uingereza ilipotunga Sheria ya Bima ya Taifa mwaka 1911, ilianza na wafanyakazi wapatao milioni 2.25 wa kazi ambazo zilijulikana kwa kupanda na kushuka, zikiwemo ujenzi, uundaji wa meli na utengenezaji wa mitambo. Mfanyakazi alitoa peni mbili na nusu kwa wiki, mwajiri akatoa kiasi hicho hicho, na Serikali ikaongeza theluthi ya jumla ya michango hiyo miwili; malipo yalikuwa shilingi saba kwa wiki, kwa muda usiozidi wiki 15 katika mwaka. Kilichokusudiwa ni kumvusha mtu kwenye pengo fupi kati ya kazi na kazi, bila kuiacha familia yake iuze vitu vya ndani. Na aliyeacha kazi bila sababu ya haki, au aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, alinyimwa malipo kwa wiki sita, kisha akaruhusiwa kuyapata. Ujerumani ya leo inafanya jambo linalokaribiana na hilo: anayeacha kazi bila sababu ya msingi husubiri kwa kawaida wiki 12. Kwa hiyo dada wa Nyankumbu ana hoja nzito. Hofu ya watu kuacha kazi makusudi inaweza kutibiwa kwa muda wa kusubiri, na si lazima itibiwe kwa kumfungia mtu mlango moja kwa moja.

Kuhusu mchango wa pekee ambao Fundi hakuuona kwenye hati yake ya mshahara, hakuuona kwa sababu haupo. Fao linalipwa kutoka kwenye asilimia 20 ile ile ya mshahara inayobeba pensheni na mafao mengine. Afrika Kusini ilichagua njia tofauti. Mfuko wao wa bima ya kukosa kazi, UIF, una mchango wake, asilimia 1 kwa mfanyakazi na asilimia 1 kwa mwajiri, nao uliwaingiza hata wafanyakazi wa majumbani mwaka 2003. Faida ninayoiona ni kwamba mtu anajua analipia nini, na hasira ya kukosa marejesho inapungua kwa sababu bima haikuchanganywa na akiba ya uzeeni. Pia malipo yao hayako kwenye asilimia moja kwa wote, bali yanaanzia 38 hadi 60, na mwenye kipato kidogo hupata asilimia kubwa zaidi.

Hapa ndipo ninapoiona kasoro kubwa ya utaratibu wetu. Mwenye mshahara wa 3,000,000 akipoteza kazi atapata kama 999,000 kwa mwezi, na huenda pia ana akiba, gari la kuuza na jamaa wenye uwezo. Mwenye mshahara wa 300,000 atapata 99,900. Asilimia ni moja, lakini wa kwanza anapunguza starehe na wa pili anapunguza mlo. Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, uliweka asilimia 45 kuwa kiwango cha chini kwa mlipwaji mwenye mwenzi na watoto wawili. Kama uwezo wa mfuko hauruhusu kuwapandisha wote, ningeanza na wa chini, hata ikibidi kuweka ukomo kwa wa juu.

Na waajiri nao wasisahauliwe. Nchini Marekani kiwango anachotozwa mwajiri kinategemea historia yake, hivi kwamba anayepunguza watu mara kwa mara anachangia zaidi. Kwetu, mwenye kiwanda anayewalinda watu wake katika mwaka mgumu na yule anayewaajiri na kuwaachisha kila msimu wanachangia kiwango kile kile. Mzigo wa tabia ya wa pili unabebwa na wote.

---

Boda wa Maili Moja amejibu:

Naomba niulize upande wa sisi tusio na hati za mshahara. Ninaweza kujiunga NSSF kwa hiari yangu na nikachangia, lakini hakuna mtu atakayeniandikia mimi barua ya kupunguzwa kazi. Viwanda vikipunguza watu, abiria wangu wa alfajiri wanatoweka, na mama anayeuza chai pale kijiweni anabaki na chupa zake. Ninakubali kwamba fao hili halilipwi kwa kodi yangu, hivyo siwezi kusema nimedhulumiwa. Ninachosema ni kwamba mnapojadili haki ya bima hii mjue kwamba wanaostahili kuijadili ni wachache miongoni mwa watu wote wanaoweza kupoteza riziki.

---

Mkazi wa Changamwe amejibu:

Hamjambo ndugu wa Tanzania. Huku Kenya hatuna fao la namna hiyo. Tulicho nacho ni kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambacho humtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi alipe siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa miaka minane ni siku 120, zaidi ya mara mbili ya siku zenu 56, na kwa maandishi inapendeza sana. Tatizo ni kwamba anayetakiwa kulipa ni yule yule ambaye fedha zimemwishia. Kampuni niliyofanyia kazi ilipofungwa, tulipanga foleni nyuma ya benki na wadai wengine, na wengi wetu tulikata tamaa kabla zamu yetu haijafika. Kwa hiyo, Fundi, pamoja na udogo wa theluthi hiyo, ina jambo moja kubwa ndani yake: inalipwa hata kama mwajiri wako amefilisika. Mimi ningekubali siku 15 zipunguzwe kidogo ili nipate mfuko usiotegemea hali ya mwajiri mmoja.

---

Fundi wa Msamvu ameandika tena:

Nawashukuru kwa dhati. Hoja ya mzee kuhusu miezi 180 nimeielewa, na nimeamua kuiacha michango yangu ilipo. Karakana nitaianza kwa kiinua mgongo, polepole. Hoja ya fao kutorudisha kila nilichotoa nayo nimeikubali. Lakini kuhusu walioacha kazi bado naona wameonewa, na muda wa kusubiri kama ule wa Uingereza ya mwaka 1911 ungekuwa wa haki zaidi kuliko kuwanyima kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa. Kati ya tuliopunguzwa yuko kijana aliyefanya kazi miezi 20. Jana tulikaa naye, tukazipanga hati zake za mshahara sakafuni, zote 20, na kila moja inaonyesha amekatwa asilimia 10. Taarifa ya michango aliyoiona kwenye simu ina miezi 15 tu, yaani miezi mitano fedha zilikatwa lakini hazikuwasilishwa. Kwa kumbukumbu za mfuko hajafikisha miezi 18, hivyo anaonekana hastahili fao. Yeye alilipa. Mnamshauri afanye nini?

---

Mzee wa Utumishi amejibu:

Huyo kijana asikubali kuondoka na jibu la kwamba hastahili. Wajibu wa kuwasilisha michango ni wa mwajiri peke yake, na mfuko umepewa nguvu ya kisheria ya kumdai. Mfanyakazi hana nguvu hiyo, na hakupaswa kubebeshwa adhabu ya kosa lililofanyika ofisini kwa mhasibu. Laiti ingekuwa mimi ninayetunga kanuni, mwezi wowote ambao hati ya mshahara inaonyesha makato ungehesabiwa kuwa umechangiwa, kisha mfuko ukamfuate mwajiri kwa deni lake na adhabu juu.

Kwa sasa afanye hivi. Atoe nakala za hati zote 20, aambatanishe mkataba, barua ya kupunguzwa na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ulioingia, kisha apeleke malalamiko ya maandishi kwenye ofisi ya NSSF na kuhakikisha nakala yake imegongwa muhuri wa kupokelewa. Aandike waziwazi kwamba anaomba ukaguzi wa mwajiri kwa miezi ile mitano, na aitaje mmoja mmoja. Wakati huo huo, kama ninyi wote mnaona upunguzaji wenyewe haukufuata utaratibu wa kupewa taarifa na kushauriana kabla ya uamuzi, mna siku 30 tangu kuachishwa za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo zinahesabiwa hata mkiwa mnasubiri majibu ya NSSF. Angalieni tarehe iliyo kwenye barua zenu leo hii.